Kapu la Malimbuko na Mashamba ya Mto Tana

Mji wa Garissa umesimama ukingoni mwa mto Tana, upande wa mashariki, mwendo wa kilomita 370 hivi kutoka Nairobi. Mvua inyeshayo huko mwaka mzima ni haba, milimita 300 na kitu, tena huja kwa majira mawili tu, masika na vuli, ambayo Wasomali huyaita Gu na Deyr. Na mara nyingine majira hayo hupita pasipo kuonekana hata wingu. Msafiri ajaye mara ya kwanza huona kwa saa nyingi miiba na mchanga, akadhani ya kuwa katika nchi hiyo hakuna kiliwacho ila nyama. Lakini akifika darajani huona jambo lingine. Mto wapita chini yake na maji yenye rangi ya udongo, na kando ya maji, juu na chini, pana migomba, miembe, mipapai, na vitalu vya nyanya, vitunguu, kunde na matikiti.

Sokoni mjini chakula ni cha namna mbili. Kiko kile kilichovunwa mtoni, na kiko kile kilichokuja kwa lori kutoka bara: viazi, kabichi, karoti, maharagwe na unga wa mahindi. Wakristo wa Garissa, ambao ni wachache katikati ya Waislamu walio wengi, aghalabu ni watu waliokuja kwa ajili ya kazi: walimu, wauguzi, askari, makarani, mafundi, wengine wametoka Meru, wengine Ukambani, wengine Nyeri au Kisumu. Wako kati yao ambao hawanunui ila kile cha lori, na mtu akitoka likizo hupandisha gunia la viazi juu ya basi kana kwamba anakwenda mahali pasipo watu. Mwenyeji akiona hayo huenda asiseme neno, lakini huelewa: mtu huyu amelala Garissa, na tumbo lake liko kwao.

Je, dini ina neno juu ya jambo dogo kama hilo? Kwanza yafaa kusema wazi yale ambayo haisemi. Hakuna amri ya Kikristo imwagizayo mtu ale cha karibu na kukataa cha mbali. Mtume Paulo, katika waraka wake kwa Warumi, mlango wa 14, aliwaonya waumini wasihukumiane kwa sababu ya chakula. Tena Kanisa lenyewe lina chakula cha mbali mezani pake: mkate wa ngano na divai ya zabibu, navyo havitoki katika mashamba ya Garissa. Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa hairuhusu kuweka mtama mahali pa ngano ya Ekaristi. Basi mtu amlaumuye mwenzake kwa kula kabichi ya Meru amejitungia dini yake mwenyewe, tena dini yenye uchoyo.

Lakini jambo lisilo la amri laweza kuwa la shukrani, na shukrani ina njia zake. Habari iliyo bora katika shauri hili imo katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 26. Huko Waisraeli waliagizwa kwamba, watakapokwisha kuingia katika nchi na kukaa humo, watwae sehemu ya malimbuko ya mazao ya ardhi hiyo, waitie kapuni, waende nayo mahali pa ibada na kumkabidhi kuhani. Yafaa kuangalia sana kile kilichotiwa katika kapu. Hakikuwa fedha, wala hakikuwa chakula kilichoagizwa Misri kwa sababu kilikuwa kitamu zaidi huko; na msomaji wa Biblia atakumbuka jinsi watu hao hao walivyolia jangwani wakiyatamani matango, matikiti na vitunguu vya Misri. Kilikuwa tunda la udongo ule ule waliokuwa wakiukanyaga kila siku. Kisha mwenye kapu hakuambiwa aseme neno moja la asante na kuondoka. Aliagizwa kusimulia habari ndefu: jinsi baba yake alivyokuwa mtu wa kutangatanga, jinsi walivyotumikishwa kwa ukali, jinsi walivyotolewa katika taabu ile. Na mwisho aliagizwa ayafurahie mema yale, yeye pamoja na Mlawi asiye na shamba, na mgeni akaaye kati yao. Ibada ya kushukuru kwa chakula haikukamilika mpaka mgeni ameshiba.

Mwalimu aliyetoka Embu aweza kujibu ya kuwa habari hiyo haimhusu, kwa maana Garissa si nchi yake, naye yupo huko kwa kuwa barua ya uhamisho ilimpeleka. Jibu hilo si la kipuuzi. Lakini kuna barua nyingine katika Biblia, iliyoandikiwa watu waliohamishwa kwa nguvu, nayo imo katika Yeremia, mlango wa 29. Nabii aliwaandikia wale waliochukuliwa mateka mpaka Babeli. Wapo waliotaka kuambiwa ya kwamba watarudi kwao upesi, kwa hiyo hapana haja ya kupanda kitu. Yeye akawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake, na kuutakia amani mji ule waliomo, kwa sababu katika amani ya mji huo wao nao watapata amani yao. Garissa si Babeli, wala mwalimu si mateka. Ni nchi moja na ya kwake, ingawa kwa muda mrefu watu wa kaskazini mashariki wamezoea kusema juu ya mwenzao aendaye Nairobi ya kwamba ameenda Kenya. Ikiwa watu waliopelekwa kwa pingu waliagizwa kula matunda ya bustani za nchi ngeni, mtu aliyepelekwa kwa mshahara ana udhuru gani?

Neno hilo la amani ni zito mahali hapo. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa wakati wa ibada ya Jumapili, na watu zaidi ya 15 wakauawa. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa, wakafa watu 148, wengi wao wanafunzi waliochaguliwa wauawe kwa kuwa ni Wakristo. Baada ya siku hizo walimu wengi waliomba uhamisho, na hakuna mtu mwenye haki ya kuwalaumu. Yafaa pia kukumbuka ya kuwa baada ya shambulio la 2012 viongozi wa Kiislamu walikubaliana vijana wao wayalinde makanisa. Katika mji uliopitia hayo, mama Mkristo anaponunua papai kwa mama Msomali, akamjua jina lake, akamwuliza habari za watoto, na kesho akarudi kwake, hilo si jambo la mboga tu. Hofu haiondolewi kwa hotuba peke yake. Huondoka kidogo kidogo, watu wanapohitajiana.

Sasa yafaa kuangalia chakula hicho hutoka wapi, maana mtu hawezi kushukuru vema kwa kitu asichokijua asili yake. Kilimo cha Tana ni cha zamani. Wapokomo, pamoja na jamaa kama Wamunyoyaya na Wailwana, wamelima kandokando ya mto tangu enzi za mababu. Walifuata desturi ya mto wenyewe: mvua ikinyesha katika milima ya Nyandarua na mlima Kenya, mafuriko hushuka, hutandaza udongo mpya, kisha maji yanapopungua watu hupanda mpunga, mahindi na ndizi katika tope lenye rutuba. Mabwawa ya umeme yalipojengwa juu ya mto, la Kindaruma mwaka 1968, la Masinga mwaka 1981, na mengine, desturi hiyo ya maji ilibadilika, na mkulima wa chini hakuweza tena kuutegemea mto kama baba yake alivyoutegemea. (Watu wa bara wanaodhani hawajapokea kitu kutoka mto Tana wakumbuke taa za nyumba zao, wakumbuke pia ya kuwa sauti ya wimbo wa taifa la Kenya ilitokana na wimbo wa mama wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto.)

Karibu na mji wa Garissa wako wakulima wa namna nyingine, yaani wafugaji walioshika jembe baada ya ukame kuwamalizia wanyama. Si jambo dogo kwa mtu aliyelelewa katika heshima ya ngamia kuinama juu ya kitalu cha vitunguu. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 ulipitisha majira matano ya mvua bila mvua ya kutosha, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini Kenya, hasa kaskazini. Mashamba haya hayanyweshwi na mbingu. Maji huvutwa mtoni kwa mashine, nayo mashine hula mafuta, au hutumia nguvu za jua kwa mwenye uwezo wa kununua vyombo vyake. Kisha hupitishwa kwa mifereji mpaka penye mizizi. Kiboko hutoka mtoni usiku na kula kazi ya miezi mitatu, na mamba humngoja achotaye maji. Fiqhi ya Kiislamu ilikwisha kuona tofauti hiyo tangu zamani: mazao yaliyonyweshwa na mvua hutolewa zaka fungu moja la kumi, bali yaliyonyweshwa kwa kazi na gharama hutolewa nusu yake, yaani fungu moja la ishirini. Mkristo anayebishana juu ya bei ya fungu la nyanya aweza kujifunza kitu katika hesabu hiyo ya jirani yake.

Iko na habari iliyo chungu zaidi. Mto ukishuka kusini ya Garissa wafika Bura na Hola, ambako pana mashamba makubwa ya kumwagilia. Mifereji ya kwanza ya Hola ilichimbwa katika miaka ya 1950 kwa mikono ya watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa waliokataa kazi hiyo walipigwa kwa marungu, na watu 11 wakafa. Serikali ya kikoloni kwanza ilitangaza ya kuwa walikufa baada ya kunywa maji, mpaka uchunguzi ulipoonyesha kweli. Jimbo Katoliki la Garissa, lililoanzishwa mwaka 1976 na kufanywa jimbo kamili mwaka 1984, chini ya askofu wake wa kwanza Paul Darmanin, Mkapuchini kutoka Malta, linaingiza Hola na Bura ndani ya mipaka yake. Mkristo wa jimbo hilo akisimama na kapu lake kama yule wa Kumbukumbu la Torati, atasimulia nini? Hawezi kusimulia habari za maji ya mifereji na kuwaacha walioichimba.

Kwa sababu hiyo shukrani kwa chakula cha karibu haikomi katika kuchagua sokoni. Hufika mpaka katika bei. Waraka wa Yakobo, mlango wa 5, wasema kwa ukali juu ya ujira uliozuiwa wa watu waliovuna mashamba, ya kuwa kilio chao kimemfikia Mungu. Miembe ya Tana huzaa kwa pamoja, kati ya mwisho wa mwaka na Machi hivi, na wakati huo bei huanguka, maembe hurundikana, mengi huoza. Mnunuzi hodari huona hapo nafasi ya kumkamua mkulima mpaka senti ya mwisho. Kisha Jumapili hutoa sadaka kwa kile alichookoa. Ingekuwa bora atoe sadaka ndogo na kulipa bei ya haki, kwa kuwa mkulima yule, awe Mwislamu au Mkristo, hakuomba sadaka yake.

Kuhusu nyama liko swali linaloulizwa kwa siri na wageni. Nyama ya Garissa, ya mbuzi, ya ng'ombe na ya ngamia, huchinjwa na Waislamu kwa desturi yao, na wako Wakristo wanaoona haya, au wanaoambiwa na wahubiri wengine ya kuwa wasiile. Paulo alijibu swali lililo gumu kuliko hilo. Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 10, aliwaruhusu Wakristo kula kila kiuzwacho sokoni bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri, na alisema hayo katika mji ambao nyama ya sokoni yaweza kuwa imetoka katika mahekalu ya sanamu. Mwislamu humtaja Mungu Mmoja anapochinja. Mkristo aliyealikwa na jirani na kuwekewa nyirinyiri mezani ale na kushukuru.

Ni kweli pia ya kuwa cha karibu si rahisi sikuzote. Gharama ya mafuta ya mashine ikipanda, nyanya ya mtoni yaweza kushinda bei ile iliyosafiri kutoka Mwea, na mama mwenye watoto watano na fedha kidogo atanunua ile ya bei ndogo. Afanye hivyo kwa moyo mweupe. Wala Garissa haiwezi kujilisha unga. Mwezi Novemba 2023 mafuriko yalipoikata barabara karibu na Madogo, ng'ambo ya daraja, malori yalikwama, na mji ukaona jinsi unavyomhitaji dereva wa mbali. Mafuriko yale yale yalizamisha mashamba ya kandokando ya mto, hata aliyetumaini cha karibu naye akakosa. Lakini mkulima aliyepoteza mazao hupanda tena upesi akijua ya kuwa wanunuzi wake wanamngoja. Asipokuwa nao, huuza mashine yake na kwenda kutafuta kibarua mjini.

Makanisa mengi ya Kenya yana sikukuu ya mavuno, ambayo watu huleta ndizi, mahindi, kuku na mayai mbele ya altare, kisha vikauzwa kwa mnada baada ya ibada. Namna hiyo ya sikukuu, jinsi ijulikanavyo sasa, hutajwa kuwa ilianzishwa na kasisi Robert Hawker wa kijiji cha Morwenstow, Uingereza, mwaka 1843, lakini mwenye kujua kapu la Kumbukumbu la Torati ataona ya kuwa si ya Waingereza. Ikiwa meza ya mavuno katika kanisa la Garissa imejaa viazi vya Nyandarua peke yake, kuna jambo limesahauliwa. Kamati ya kanisa yaweza kwenda mtoni majuma mawili kabla ya sikukuu, kukubaliana bei na wakulima, na kununua kwao ndizi, papai, kunde na matikiti. Baada ya ibada sehemu ya vitu hivyo yaweza kupelekwa kwa majirani, bila kuuliza dini yao. Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2015 juu ya kutunza dunia, aliwahimiza waumini warudie desturi ya kumshukuru Mungu kabla ya chakula na baada yake, na kuwakumbuka wale ambao kazi yao imekileta. Familia iliyonunua kwa mkulima inayemjua yaweza kumtaja kwa jina katika sala hiyo.

Vyakula vya huko havipungukiwi na nguvu za kuujenga mwili. Maembe yaliyoiva na mapapai yana vitamini A ifaayo macho ya watoto. Majani ya kunde ni mboga bora, nayo hukua upesi kwa maji kidogo. Maziwa ya ngamia yana vitamini C zaidi ya maziwa ya ng'ombe, jambo kubwa katika nchi yenye matunda machache wakati wa kiangazi. Wenyeji huyanywa pia yakiwa yamegandishwa, nayo huitwa susa. Lakini yachemshwe kwanza, hata kama muuzaji anacheka, kwa sababu maziwa mabichi yaweza kuleta homa ya brusela, ambayo humdhoofisha mtu kwa miezi.

Na maembe ya msimu hayana haja ya kuoza. Yachaguliwe yaliyoiva bila kulegea, yaoshwe, yamenywe, yakatwe vipande vyembamba vya unene wa nusu sentimita. Vipande hivyo vipangwe juu ya wavu safi ulioinuliwa kutoka chini, visigusane, vifunikwe kwa chandarua kwa ajili ya inzi na vumbi. Jua la Garissa, ambalo watu hulilalamikia kila siku, litafanya kazi hiyo kwa siku mbili au tatu. Usiku viingizwe ndani. Vikiwa tayari hupindika kama ngozi bila kuvunjika, na vikibanwa kwa vidole havitoi maji. Hapo vitiwe katika chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza, na viwekwe mahali penye giza. Mfuko mmoja wa maembe uliokaushwa hivyo mwezi wa Februari bado utafaa kwa uji wa watoto katika kiangazi cha Agosti, na mtu atokaye Garissa kwenda likizo atakuwa na kitu cha kupandisha juu ya basi kuwapelekea watu wa kwao.